Swali la Kumi na Moja

Alhamisi saa tano asubuhi nilikuwa ukumbini nachambua mchicha, mashoga wamenizunguka kama kawaida, kila mmoja na lake. Salsabil akaingia kutoka dukani kwa baba yake, simu kaishika mbele kama kioo, anacheka.

"Shangazi, hebu sikia vituko. Chuo wanasema picha zangu za jaribio la tano zina mashaka."

"Picha gani?"

"Za kamera. Ukifanya jaribio, simu inakupiga picha yenyewe kila baada ya dakika chache, wajue ni wewe kweli. Hukujua?"

Sikujua. Wallahi sikujua. Mchicha ukanidondoka mapajani, nikainama kuuokota taratibu mno ili nisiinue uso. Mwajabu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aliacha kutafuna. Yeye alijua ninachokiwaza, maana jaribio la tano hakulifanya Salsabil. Tulilifanya sie.

Nianze vizuri, nisije nikawachanganya. Mie Rukaiya, nyumba yangu iko Tabata, vyumba sita na fremu moja mbele. Kwangu hakufungwagi mlango. Anayepita anaingia, anayeingia anakula, na anayekula anaacha habari mbili tatu. Fremu kapanga Hilal, Mwarabu wa siku nyingi hapa mtaani, anauza viungo, tende na vyombo vya plastiki. Salsabil ni mwanawe wa pekee, ana miaka ishirini. Kidato cha sita alikosa pointi moja tu ya kuingilia chuo, na tangu hapo alikuwa akipima iliki dukani huku macho yako mbali.

Ndipo akapata hii kozi ya mtandaoni. Ya wazi, ya bure, anasoma yeyote mwenye simu. Alituambia wanasoma watu elfu arobaini, wengine Mwanza, wengine Ngazija, wengine huko ambako hata jina hulijui. Wengi wanasoma wakichoka wanaacha, hakuna anayewauliza. Kwa Salsabil lakini mambo yalikuwa mengine. Chuo kikuu kimoja hapa nchini kilitangaza kwamba atakayemaliza masomo yote saba, na kila jaribio akapata kumi na nne au zaidi kati ya ishirini, atapewa nafasi ya shahada ya afya ya jamii bila kuulizwa ile pointi. Atakayedanganya jina linafutwa, na haombi tena miaka mitatu.

Alikuwa anasomea ukumbini kwangu, kwa sababu ndipo penye intaneti ya mpangaji wangu Genoveva, muuguzi wa zahanati. Anaunganisha simu na TV, mwalimu anaongea, sie tunamenya viazi tunasikiliza. Kozi ina Kiswahili, tulielewa kila kitu. Yule mwalimu tulimzoea mpaka akivaa shati jipya tunamsifia.

Sasa ile Jumapili. Hilal na mkewe walikwenda msibani Tanga. Aliniambia mlangoni, "Bi Rukaiya, nakuachia mwanangu." Mchana wake Salsabil akaanguka kaunta. Genoveva akatukimbiza zahanati, akapimwa, malaria kali, akachomwa sindano, tukarudi naye akalala kitandani kwangu anatetemeka na kusema maneno yasiyo na kichwa. Simu yake ikawa inalia mezani. Genoveva akaitazama.

"Jaribio la tano," akasema. "Mwisho leo saa kumi na mbili jioni."

Ilikuwa saa kumi.

Jamani, mtaani kwetu mtu akiumwa unamfulia. Unamjazia ndoo. Unakwenda kwenye kikao cha kikundi unaitikia jina lake, na katibu anaandika yupo. Basi nani kati yetu angeona ajabu kumjibia maswali? Hakuna aliyesema tunaiba. Mwajabu alisema, "Masikini, tumsaidie," kama anavyosemaga kuhusu vyombo vichafu.

Simu ikataka uso kwanza. Nikamwinua Salsabil, nikamshika kidevu, nikamwambia fumbua macho mama, kidogo tu. Akafumbua. Simu ikakubali, naye akarudi kulala. Sie tukaiweka chali juu ya mkeka, Genoveva akawa anasoma, mie na Mwajabu tunajibu, katikati kuna sahani ya mihogo. La kumi na moja lilikuwa la kuandika, la habari za kipindupindu, nikalijibu mie, Genoveva akaliandika kama nilivyotamka. Tukapata kumi na nane. Tulishikana mikono tukacheka bila sauti, mgonjwa asiamke.

Asubuhi Salsabil akaamka analia. "Jaribio langu!"

Sijui nilipatwa na nini. Sipendi kumwona mtu analia wakati nina neno la kumnyamazisha. Nikasema, "Ulishafanya mwenyewe. Umesahau? Una kumi na nane."

Akaduwaa. "Mie?"

"Wewe. Ulikaa hapo hapo."

Akatazama ukutani muda mrefu. "Kweli... nakumbuka mwanga usoni. Nakumbuka nilikuwa nimekaa." Halafu akatabasamu. Kufika Jumatano alikuwa anawasimulia wateja alivyofanya mtihani na homa ya digrii thelathini na tisa. Kila akisimulia anaongeza. Alikumbuka mpaka maswali.

Ndiyo maana Alhamisi ile yeye alikuwa anacheka na mie nimeinamia mchicha.

"Wamesema nini tena?" nikamuuliza.

"Jumamosi saa nne nitahojiwa kwa video. Shangazi, na wewe uwepo, si ulikuwa na mie? Utakuwa shahidi wangu."

Alipotoka, Mwajabu akanivuta uani. "Shoga, nyamaza. Umeziona hizo picha? Hujaziona. Labda hazina kitu."

"Na kama zina?"

"Utasema ulikuwa unampepea."

Genoveva aliporudi kazini nikamwambia, akakaa kwenye ndoo. "Dada, mie nina leseni. Na ile intaneti ina jina langu. Kuna sheria ya mambo ya mitandao, watu wanafungwa." Akaanza kulia kimya kimya, kamasi zinamtoka, hazifuti. Tangu hapo akawa anatembea humu ndani kwa kunyata.

Nami nikaanza kuziogopa simu. Simu ya mtu yeyote. Mgeni akiiweka mezani chali naifunika kwa kawa. Ile kamera ndogo juu, kama jicho la panya, ilinitazama siku ile nikiwa kichwa wazi, mdomo umejaa mihogo, nacheka. Ilinitazama saa nzima, na mie sina habari. Imeona nini kingine? Imesikia nini? Maana siku ile tuliongea mengi, na si yote ya kipindupindu. Ijumaa mtu akagonga mlango kwa nguvu, nikakimbilia chooni nikajifungia. Kumbe fundi wa mita ya maji.

Na kusema nilitaka. Mie mtaani wananijua, habari ikiniingia haikai, hata unipige. Nimewahi kutangaza posa kabla bibi harusi mwenyewe hajaambiwa. Lakini hili, maneno manne tu, si wewe, ni sie, yalinishinda kutoka. Mara mbili nilikwenda hadi kaunta. Mara ya kwanza nikanunua bizari. Mara ya pili nikanunua ndoo.

Hiyo mara ya pili Hilal mwenyewe ndiye aliyenihudumia. Akanionyesha begi la mgongoni, jipya, bado lina karatasi ndani. "La chuo," akasema. Mtu mzima, ndevu nyeupe, anashika begi kama kitoto kichanga. "Bi Rukaiya, mwanangu hana tabia ya uongo, wewe unamjua. Kesho ataapa, na mie nitaapa naye. Wewe uliyemuuguza sikulipi kwa kitu, Mungu atakulipa."

Nilirudi ndani na ndoo tupu, nimeikumbatia.

Jumamosi tulikaa ukumbini watatu. Salsabil kwenye kiti, simu kaisimamisha kwenye kopo la sukari. Hilal kulia kwake, kanzu imepigwa pasi. Mie kushoto. Mwajabu alisema anaumwa tumbo. Genoveva alikuwa chumbani kwake, namsikia anavyohema nyuma ya pazia.

Saa nne kamili akatokea mwanamke wa makamo, miwani, kilemba kidogo. "Habari za asubuhi. Mimi naitwa Daktari Asifiwe, nashughulikia uadilifu wa mitihani." Sauti ya upole. Upole ule ulinitisha kuliko angefoka.

Wakasalimiana. Akaonyesha picha ya kwanza. Salsabil, macho nusu, jasho, na chini ya kidevu mkono wa mtu, wenye pete ya feruzi. Mkono wangu. Pete ilikuwa kidoleni muda ule ule. Nikauingiza mkono chini ya paja nikaukalia.

"Huu ni wa nani?"

"Wa shangazi huyu," Salsabil akajibu haraka. "Nilikuwa na malaria, cheti cha zahanati ninacho. Alinishika nisianguke."

"Pole. Na hizi?"

Picha zikapita moja baada ya nyingine. Dari. Dari. Feni. Pindo la kanga. Dari. Utosi wa mtu, hauonyeshi nani. Dari tena. Kumbe kwa kuwa simu ilikuwa imelala chali, haikukamata uso hata mmoja. Hata mmoja! Nikautoa mkono chini ya paja.

"Unaona shida yangu," Daktari Asifiwe akasema. "Siwezi kusema ni wewe, siwezi kusema si wewe. Ulijibu mwenyewe?"

"Wallahi nilijibu mwenyewe. Nakumbuka."

"Mwanangu anasema kweli," Hilal akaongeza, mkono kifuani.

"Sawa mzee wangu. Basi nakutumia kiapo, Salsabil. Kisome. Ukibonyeza pale chini umeapa, na picha hizi nafunga. Ila ikija kujulikana vinginevyo, hapo hakuna msamaha tena."

Kwenye simu ikatokea karatasi ya maneno mengi, na chini kitufe cha kijani. Kidole gumba cha Salsabil kikanyanyuka.

"Kabla hujabonyeza, swali moja, ni utaratibu tu. Jaribio lako zuri. Hasa swali la kumi na moja. Wagonjwa wa kipindupindu wote wanaishi karibu na kisima kimoja, isipokuwa wawili wanaoishi mbali. Uliulizwa kama hao wawili wanakitoa kisima hatiani. Nakusomea jibu lako, halafu unifafanulie."

Akarekebisha miwani. Akasoma kwa ile sauti yake ya darasani:

"Hapana. Huyo wa mbali aulizwe maji yake analetewa na mkokoteni wa nani, na mwenye mkokoteni anachota wapi. Akikataa kusema aulizwe jirani yake, maana mgonjwa anafichaga lakini jirani hafichi, hata umpige."

Hilal aligeuza shingo polepole sana, kama mtu mwenye jipu, akanitazama. Miaka kumi na moja ananisikia nikiongea kwenye kibaraza chake. Angenijua hata kwenye giza.

"Salsabil?" Daktari akaita. "Fafanua."

Salsabil alifungua mdomo. Nikaona anavyokwenda kichwani mwake kulitafuta lile jibu, anafungua huku, anafungua kule, halipo. Halikuwahi kuwepo. Akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile, na sitaki tena. Kisha akamtazama baba yake, akaogopa, na kile kidole gumba kikaanza kushuka kwenye kitufe.

"Usibonyeze!" Nilipiga kelele hadi kopo likaanguka na simu juu yake. Nikaiokota mwenyewe, nikauweka uso wangu mbele ya lile jicho la panya. "Ni mie, mwalimu. Ni sie. Huyu mtoto alikuwa hajitambui. Nilimshika kidevu simu imkubali, halafu tukajibu sie, tukamdanganya kajibu mwenyewe. Yeye hajui lolote. Kama ni kufungwa nifungwe mie. Naitwa Rukaiya."

Kutoka nyuma ya pazia nikasikia Genoveva anaita jina la Bikira Maria.

Daktari Asifiwe hakuonyesha mshangao. Alivua miwani, akafikicha macho. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na, Mungu anisamehe, upande mmoja wa moyo ulikuwa unangoja aseme walau jibu lilikuwa zuri. Hakusema.

"Mama, unajua mlichofanya? Cheti hiki kitampeleka kwenye kazi ya uhai wa watu. Siku kuna mlipuko wa kweli, ataitwa yeye. Hamtaitwa nyie."

"Ndiyo, mwalimu."

"Salsabil, ulikuwa unajua?"

Alijibu kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nakumbuka nimefanya. Kabisa. Nakumbuka."

Mwanamke yule akavaa miwani yake tena. Halafu akasema, "Jaribio la tano linafutwa. Kwa kuwa imesemwa kabla ya kiapo, naruhusiwa kukupa jaribio jipya mara moja tu, na ni sasa hivi. Maswali mengine, dakika arobaini, peke yako chumbani. Ikisikika sauti ya mtu mwingine, nasimamisha na yanaishia hapo. Utaweza?"

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Tukatoka, mie na Hilal, nikaufunga mlango wa ukumbi. Sikumbuki mara ya mwisho ulifungwa lini, bawaba zililia. Hilal akasimama upande wa pili wa korido, hanitazami, midomo inatembea na dua.

Sasa nyumba yangu mnaijua. Dakika arobaini bila sauti! Nikakimbia kwa fundi cherehani nikamzimia redio ya singeli bila kumwomba. Nikawafukuza watoto uani. Wanawake waliokuwa wanasukana barazani nikawaambia hamna kuongea, nyamazeni, na machozi yananitoka, ila sababu naona aibu kuitaja. Wakatazamana. Mmoja akajifunika kanga kichwani.

Sikujua nimefanya nini mpaka nilipowaona wanakuja. Mtaa umenyamaza, Bi Rukaiya analia, Hilal kasimama na dua, mlango umefungwa: wakaelewa kuna maiti ndani. Wakaanza kuingia mmoja mmoja, wamejitanda, wanavua viatu, wananishika mkono. Muuza mkaa akaja na mkeka. Baada ya robo saa korido imejaa, na mie natikisa kichwa, hapana, hapana, wanaona ni uchungu. Katikati yao akatokea Sesilia, jirani wa nyumba ya tatu, mwenye kifua ambacho akilia msibani anasikika Gongo la Mboto. Akanitazama, akatazama mlango, akashika kichwa, akavuta pumzi.

Nilimrukia. Nikambandika kiganja mdomoni, pete na yote, tukaanguka chini wote wawili juu ya viatu vya watu. Akaning'ata. Sikuachia. Nilimwambia sikioni, "Hajafa mtu. Anafanya mtihani. Ukilia unamwua." Macho yake yakazunguka. Neno likapita kwa kunong'ona kutoka mdomo hadi mdomo mpaka nje, na watu wote wale, wenye midomo ninayoifahamu mimi, wakakaa chini kwenye mikeka ya msiba wakanyamaza. Nilisikia feni ya ukumbini inavyozunguka. Nilisikia nzi. Kila dakika ilinipita kama inanitoboa.

Mlango ukafunguka. Salsabil akasimama, akaona ule umati, akarudi nyuma hatua moja.

"Ngapi?" Hilal akauliza. Sauti haikutoka, ni mdomo tu.

"Kumi na tano."

Hapo Sesilia akaipata ruhusa ya kifua chake, akapiga kigelegele hadi kuku wakaruka ukuta. Watu wakashangilia, wakamkumbatia. Yeye alipita katikati yao, akapita pembeni yangu kama anavyopita kabati, akaenda kwa baba yake akaweka paji la uso begani kwake.

Baada ya wiki tatu, alipokwisha kumaliza na yale masomo mawili yaliyobaki, ikaja barua, nafasi kapewa, ingawa faili lake lina alama ya onyo. Hilal bado kapanga fremu. Ananisalimia, ila hasemi tena ananiachia mtu. Genoveva kabadilisha neno la siri la intaneti na hamwambii yeyote.

Salsabil alichukua siku tisa kuongea na mie. Alikuja nikiwa nachambua mchele, siku hiyo niko peke yangu, akakaa.

"Shangazi, jaribio nimekusamehe. Mlitaka kunisaidia." Akachukua punje ya mchele, akaigeuzageuza. "Lakini nilikuwa naliona kabisa lile jaribio. Naona mikono yangu inaandika. Ningeapa mbele ya baba, na ningekuwa nasema kweli yangu. Sasa kila nikikumbuka kitu najiuliza, hiki nimekiona mie, au nimeambiwa na mtu?"

Nikaendelea kuchambua mchele, punje moja moja.

Siku hizi anarudi Ijumaa kutoka chuoni, anasomea ukumbini kwangu kama zamani, ila anafunga mlango. Mie nakaa nje kwenye kigoda, nawazuia watu. Wakiniuliza anafanya nini humo ndani nawaambia sijui, sijaona, mkamuulize mwenyewe. Na simu ikilia mle ndani, hata kama ni meseji tu ya bando, mkono wenye pete unatafuta pa kujificha.